Mgomo wa Palmyra, 2011: wanafunzi wa viza ya J-1 kwenye ghala la chokoleti

Jumatano tarehe 17 Agosti 2011, mamia ya wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka nje ya Marekani waliacha kazi na kuandamana nje ya ghala lililokuwa likifungasha chokoleti za Hershey huko Palmyra, Pennsylvania. Walitoka Uchina, Uturuki, Ukraine, Nigeria, Ghana, Moldova, Kazakhstan na nchi nyingine kadhaa. Msimu huo ghala lilikuwa na wanafunzi wapatao 400, wote wakiwa na viza ya J-1 na wote wameingia kwa programu ya serikali iliyotangazwa kama mabadilishano ya utamaduni: fanya kazi miezi michache, kisha tembea uione nchi. Walichokiona zaidi ni mkanda wa kiwandani ukipita mbele yao na maboksi ya Reese's, Kit Kat na Almond Joy.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu, kwenye makaratasi, karibu kila kitu kilikuwa sawa. Viza zilikuwa halali, ajira zilipatikana kabla ya safari, na ujira wa dola 8.35 kwa saa ulizidi kima cha chini cha sheria ya shirikisho, ambacho ni dola 7.25 tangu Julai 2009. Ofisa wa ubalozi aliyeshika faili la mwanafunzi yeyote kati yao asingeona kasoro. Kwa hiyo anayelisimulia jambo hili kama kisa cha mshahara mdogo anakosea mlango. Uozo ulikuwa kwenye makato, kwenye ada iliyolipwa kabla ya safari, na kwenye mnyororo wa mikataba uliomfanya kila mhusika aweze kunyoosha kidole kwa jirani yake.

Programu yenyewe

Mzizi wake ni sheria ya mabadilishano ya elimu na utamaduni ya mwaka 1961, inayojulikana zaidi kama Fulbright-Hays. Chini ya sheria hiyo kuna makundi mengi ya viza ya J-1: watafiti, walimu, madaktari wa mafunzo, walezi wa watoto, na hili la wanafunzi wa kazi na utalii wakati wa kiangazi. Mwanafunzi anatakiwa awe anasoma chuo kwa muda wote, awe amemaliza angalau muhula mmoja, azungumze Kiingereza cha kutosha, na akae si zaidi ya miezi minne, ndani ya likizo yake ndefu. Mwaka 2008 programu ilipokea watu wapatao 153,000, idadi kubwa kuliko miaka yote iliyotangulia.

Jambo la kushika hapa ni nani anayeisimamia. Ni Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kupitia ofisi yake ya elimu na utamaduni. Wizara ya Kazi haimo. Mwajiri anayeleta vibarua wa msimu kwa viza ya H-2B lazima kwanza aithibitishie Wizara ya Kazi kwamba ametafuta wafanyakazi wa ndani akawakosa, na alipe ujira unaolingana na soko la eneo hilo. Mwajiri wa J-1 hana mzigo huo. Tena ana nafuu ya kodi: mwanafunzi wa J-1 ambaye sheria ya kodi haimhesabu kuwa mkazi hakatwi mchango wa hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, na mwajiri naye halipi sehemu yake, ambayo ni asilimia 7.65. Kwenye wiki ya saa 40 kwa dola 8.35, hizo ni dola 25 na senti 55 kwa kila mtu. Zidisha kwa watu 400 upate zaidi ya dola 10,000 kila wiki zisizolipwa, kabla hujagusa kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, ambayo nayo haidaiwi. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Lakini programu ya utamaduni inapokuwa nafuu kuliko kuajiri vijana wa mtaani, tusishangae ikikimbiliwa na watu ambao utamaduni hauwahusu.

Mnyororo

Chokoleti ni ya kampuni ya Hershey, lakini Hershey haikuwa mwajiri. Ghala liliendeshwa na Exel, kampuni ya usafirishaji na uhifadhi. Exel ilichukua wafanyakazi kutoka SHS, kampuni ya kukodisha vibarua. Wanafunzi waliletwa na Council for Educational Travel USA, kwa kifupi CETUSA, iliyokuwa na kibali cha Wizara ya Mambo ya Nje cha kuwa mdhamini. Na huko walikotoka, kila nchi ilikuwa na mawakala wake waliotangaza nafasi, wakapokea ada na kupeleka majina.

Mdhamini katika programu hii hatoi hata senti. Yeye ndiye anayelipwa. Kazi yake ni kumchuja mwanafunzi, kuihakiki ajira, kutoa fomu ya DS-2019 ambayo bila hiyo hakuna viza, kisha kumfuatilia mwanafunzi hadi arudi kwao. Yaani serikali imemkabidhi ukaguzi mtu ambaye kipato chake kinategemea idadi ya wanaopita mikononi mwake. Akiipekua ajira kwa makini na kuikataa, anapoteza mteja wa upande wa mwajiri na pia ada za wanafunzi.

Mwanafunzi wa Palmyra aliyetaka kulalamikia kasi ya mkanda angemwendea nani? Msimamizi wa ghala ni wa Exel, anayelipa mshahara ni SHS, nyumba imepangwa kwa mkono wa mdhamini, na jina lililo kwenye boksi ni la Hershey. Hershey ilipoulizwa ilijibu, kwa usahihi kabisa wa kisheria, kwamba ghala haliendeshi yenyewe.

Hesabu

Wanafunzi walieleza kwamba kila mmoja alilipa kati ya dola 3,000 na 6,000 kabla ya kuanza kazi: ada ya wakala, ada ya mdhamini, viza, bima, tiketi ya ndege. Wengi walikopa, au wazazi walikopa. Walieleza pia kwamba baada ya makato walikuwa wakibaki na dola 40 hadi 140 kwa wiki. Wapo waliosikia takwimu hizo wakadhani zimetiwa chumvi. Basi tuzipige hesabu wenyewe, kwa mfano wa mtu mmoja.

Saa 40 kwa dola 8.35 ni dola 334. Mgeni asiye mkazi hana punguzo la kawaida analopewa Mmarekani, hivyo kodi ya serikali kuu tuichukulie asilimia 10: dola 33.40. Kodi ya jimbo la Pennsylvania ni asilimia 3.07 kwa kila mtu: dola 10.25. Kodi ya mji tuseme asilimia 1: dola 3.34. Zinabaki dola 287. Sasa kodi ya nyumba. Kila mwanafunzi alikatwa karibu dola 400 kwa mwezi kwenye mshahara wake, kwa kitanda ndani ya nyumba ya kushirikiana na wenzake, kiasi ambacho wanafunzi walisema ni kama mara mbili ya walicholipa majirani. Chukua dola 395: kwa wiki ni dola 91. Zinabaki 196, na hapo hajala wala hajalipa usafiri wa kwenda kazini.

Hiyo ndiyo wiki nzuri, ya saa 40 kamili. Tatizo la makato ya nyumba ni kwamba hayashuki pale saa zinaposhuka. Kwa wiki ya saa 25, mshahara ni dola 208.75, baada ya kodi za serikali zinabaki 179, na baada ya nyumba 88. Kwa saa 18 anabaki na dola 38. Ongeza makato ya usafiri hapo, na zile 40 hadi 140 zinajieleza zenyewe.

Sasa rudi kwenye ada. Anayedaiwa dola 3,000 huko kwao anahitaji saa 359 za kazi kuzirudisha, hata kama hakatwi chochote: wiki 9 za saa 40. Aliyelipa 6,000 anahitaji saa 719, yaani karibu wiki 18. Miezi minne ni wiki 17 na kidogo. Huyu wa pili ameanza safari akiwa ameshapata hasara, na hakuna bidii ya kazi itakayombadilishia hesabu. Yule wa kwanza, akipata saa 40 kila wiki bila kukosa, akibaki na dola 196 kwa wiki 17, anamaliza msimu na dola 3,332. Toa deni lake: 332, za chakula, nauli na ule utalii alioahidiwa.

Kuna kipengele kimoja kwenye sheria ya ujira ya Marekani ambacho ndicho kilichokuja kuivunja hesabu hii, na wanafunzi wachache sana wanakijua. Mwajiri anaruhusiwa kukata gharama ya malazi kwenye mshahara hata kama makato hayo yanaushusha chini ya kima cha chini, lakini kwa gharama halisi tu, bila faida. Ikizidi gharama halisi, kile kilichozidi hakiwezi kula dola 7.25 za kwanza za kila saa. Kwa mtu wa dola 8.35, nafasi iliyopo kati ya mshahara na kima cha chini ni dola 1.10 kwa saa, sawa na dola 44 kwa wiki ya saa 40. Ikiwa kitanda kinagharimu dola 45 kwa wiki na mwanafunzi anakatwa 91, ziada ni 46. Imevuka 44. Kwa wiki ya saa 30 mpaka ni dola 33, na hapo ukiukaji ni wa wazi zaidi. Mshahara uliokuwa halali asubuhi unakuwa haramu jioni kwa sababu ya kodi ya chumba.

Ndani ya ghala

Kazi ilikuwa kufungasha, kunyanyua na kupanga. Maboksi mengine yalifika kilo 20 na zaidi, mkanda ulikwenda mbio, na wengi walipangiwa zamu za usiku. Kufungasha ni kazi halali kama kazi nyingine, na vijana wenye nguvu huimudu. Lakini mabadilishano ya utamaduni yanahitaji mtu wa kubadilishana naye. Anayefanya kazi usiku pembeni ya mashine yenye kelele, akiwa amezungukwa na wageni wenzake, kisha akalala mchana kutwa, Kiingereza atazungumza na nani? Mhudumu wa mgahawa au mwangalizi wa wanaoogelea, hata akilipwa pesa ileile, kutwa nzima anaongea na wenyeji. Ndiyo maana kwa programu hii aina ya kazi ina uzito kuliko mshahara, na kanuni zilizofuata zilikuja kulitambua hilo.

Kwa nini hawakulalamika mapema

Baadhi walilalamika. Walisema walijibiwa kwa kutishiwa kwamba programu yao itafutwa na watarudishwa kwao. Tishio hilo lina meno kwa sababu mdhamini anaweza kweli kumwondoa mwanafunzi kwenye programu, na akishaondolewa ruhusa ya kukaa inakwisha. Juu ya hapo ongeza deni la nyumbani na kodi ya nyumba inayokatwa kwenye chanzo. Kubadilisha kazi kuliruhusiwa, lakini hadi leo kunahitaji mdhamini aihakiki kazi mpya kwanza, na anayeishi kwenye nyumba iliyofungamana na kazi ya zamani anahama na kazi.

Wengi hawakujua kwamba sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 inamlinda mfanyakazi yeyote wa sekta binafsi anayeungana na wenzake kudai hali bora, awe mwanachama wa chama au la, raia au mgeni. Chama cha wafanyakazi wageni, National Guestworker Alliance, ndicho kilichowaeleza hayo na kuwasaidia kujipanga. Vyama vya wafanyakazi vya Pennsylvania navyo viliwaunga mkono, na viongozi wao watatu walikamatwa siku ya mgomo kwa kuketi mahali na kukataa kuondoka.

Madai yao yalikuwa na busara ambayo hupotea kwenye simulizi nyingi. Mbali na kurudishiwa ada zao, walidai kazi zile wapewe wakazi wa eneo hilo kwa ujira unaotosha kuishi. Mgeni anayedai nafasi yake apewe mwenyeji si jambo unaloliona kila siku. Lakini lilikata mzizi wa ugomvi ambao ungeweza kuzuka kati yao na watu wa Palmyra, na lilifanya iwe vigumu kwa yeyote kusema vijana wa kigeni wameleta fujo.

Milango mitatu ya sheria

Hakuna chombo kimoja kilichokuwa na mamlaka juu ya kisa kizima, hivyo kilivunjwa vipandevipande.

Kwanza usalama kazini. Februari 2012 idara ya usalama na afya kazini ya Marekani iliitangazia Exel makosa 9, kati yake 6 ya makusudi, na kupendekeza faini ya zaidi ya dola 280,000. Kosa kubwa halikuwa la mashine. Majeraha makubwa 42 katika muda wa miaka minne hayakuwa yameandikwa kwenye daftari la majeraha, kama sheria inavyotaka. Ghala lisiloandika ajali linaonekana salama kwa kila anayelikagua kwa makaratasi, akiwemo mdhamini.

Pili kibali. Mwanzoni mwa 2012 Wizara ya Mambo ya Nje iliiondoa CETUSA kwenye programu ya kiangazi. Hiyo ndiyo silaha kubwa kuliko zote ilizonazo wizara hiyo. Haiwezi kumrudishia mwanafunzi pesa.

Tatu ujira, na hapa ndipo ile hesabu ya malazi ilipofanya kazi yake. Novemba 2012 Wizara ya Kazi ilitangaza makubaliano na Exel, SHS na CETUSA: dola 213,042 za malimbikizo ya mishahara kwa wanafunzi 1,028, pamoja na faini ya dola 143,000 kwa makosa ya usalama na afya. Gawanya 213,042 kwa 1,028: wastani wa dola 207 kwa kichwa. Ukiilinganisha na ada ya 3,000 au 6,000, unaelewa mipaka ya ushindi wenyewe. Sheria ya ujira iliona tofauti kati ya makato na kima cha chini, ikairudisha hiyo tu. Ada zilizolipwa Ankara, Lagos au Kyiv kwa mawakala wa huko hazikuwa mshahara, na hazikuguswa.

Kanuni zilizobadilika

Onyo lilikuwepo. Desemba 2010 shirika la habari la AP lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu maovu ndani ya programu hii, na Aprili 2011 wizara ikatoa kanuni zilizotaka wanafunzi wa nchi zinazohitaji viza wawe na kazi iliyohakikiwa kabla ya kusafiri. Kanuni hizo zilianza kutumika Julai 2011, mwezi mmoja kabla ya mgomo. Zilitungwa kumzuia mwanafunzi asitupwe Marekani bila kazi. Wale wa Palmyra kazi walikuwa nayo.

Novemba 2011 wizara ilisimamisha kupokea wadhamini wapya na kuweka kikomo cha washiriki wapatao 109,000 kwa mwaka. Mei 2012 ikaja kanuni nzito zaidi. Maghala na vituo vya kusambaza bidhaa vilipigwa marufuku, pamoja na viwanda, ujenzi, kilimo, na kazi ambazo saa zake nyingi ziko kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mwajiri asiwe amepunguza wafanyakazi ndani ya siku 120 zilizopita, wala asiwe na mgomo. Kampuni ya kukodisha vibarua haipokei wanafunzi isipokuwa iwaajiri na kuwalipa yenyewe, na iwe na msimamizi wake mahali pa kazi muda wote. Mdhamini awasiliane na kila mwanafunzi angalau mara moja kwa mwezi, ahakikishe kuna shughuli za utamaduni, na apeleke wizarani orodha ya bei anazotozwa mwanafunzi na mawakala wake.

Soma kanuni hizo pole pole na utaiona Palmyra ndani ya kila mstari: ghala, usiku, kampuni ya vibarua. Ni kanuni zilizokatwa kwa kipimo cha kisa kimoja. Udhaifu wao ulionekana upesi. Machi 2013, umbali mfupi tu kutoka Palmyra, wanafunzi wengine wa J-1 waligoma kwenye migahawa ya McDonald's karibu na Harrisburg. Mgahawa si ghala, na kanuni zinauruhusu. Lakini mwenye migahawa ndiye aliyekuwa pia mwenye nyumba, wanafunzi walirundikwa kwenye vyumba vya chini ya nyumba, na saa za kazi walizoahidiwa hazikupatikana. Mwaka 2014 Wizara ya Kazi ilimtaka alipe dola 205,977 za malimbikizo na fidia kwa wafanyakazi 291, wakiwemo wanafunzi 178. Aina ya kazi ilibadilika, hesabu ya nyumba na saa ilikuwa ileile.

Kwa anayejiandaa kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam

Yule anayekutoza pesa mjini kwako ni wakala. Jina unalopaswa kulipata kwake kabla ya kulipa ni la mdhamini, kisha ulitafute mwenyewe kwenye orodha ya wadhamini iliyo j1visa.state.gov, chini ya kundi la kazi na utalii wa kiangazi. Mdhamini anaweza kuwa na kibali cha kundi jingine na asiwe na hili. Fomu ya DS-2019 inatoka kwa mdhamini tu, na ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wageni, kwa kundi hili ni dola 35. Ukiambiwa mamia, unalipia kitu kingine. Angalia pia tarehe. Kila nchi ina kipindi chake kinachokubaliwa kwa mujibu wa likizo ndefu za vyuo vyake, ndiyo maana Waperu na Waajentina huenda Desemba kwenye hoteli za theluji. Likizo yako isipoangukia ndani ya kipindi cha nchi yako, wakala hawezi kukusogezea.

Mkataba wa kazi usome ukitafuta mambo machache tu, lakini usome kweli. Jina la mwajiri, na anwani ya mahali utakaposimama kufanya kazi: vikitofautiana, uliza nani atasaini hundi ya mshahara. Saa za chini kwa wiki ziwe zimeandikwa kwa tarakimu. Maneno kama "hadi saa 40" yanaruhusu hata saa 12. Kodi ya nyumba, amana yake, iwapo inakatwa kwenye mshahara, na nini kinatokea ukihama. Umbali wa kwenda kazini na gharama yake. Kisha fanya hesabu ya Palmyra kwa namba zako: ada zote gawanya kwa ujira wa saa, uone ni wiki ngapi. Zikizidi 9 kati ya 17, ujue utakwenda kufanya kazi ya kulipa deni.

Bima nayo ina viwango: angalau dola 100,000 za matibabu kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kukuhamisha kwa matibabu, na sehemu unayolipa mwenyewe isizidi dola 500. Omba cheti, usikubali kuambiwa tu kwamba ipo.

Ukifika, mjulishe mdhamini anwani yako ndani ya siku 10, na kila unapohama vilevile ndani ya siku 10. Hili wengi hulipuuza, na ndilo linalompa mdhamini sababu safi ya kukuondoa siku ukianza kulalamika. Tangu siku ya kwanza andika saa ya kuingia na ya kutoka kwenye daftari lako, si kwenye simu ya kazini. Tunza kila karatasi ya mshahara, mkataba wa nyumba na picha za chumba. Umeumia kazini? Toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo na ubaki na nakala, maana daftari la majeraha la mwajiri, kama tulivyoona, laweza kuwa tupu.

Malalamiko ya ujira yanakwenda kitengo cha ujira cha Wizara ya Kazi, simu 1-866-487-9243, na hawaulizi hali ya viza. Mdhamini au mwajiri akikutisha, Wizara ya Mambo ya Nje ina simu ya dharura ya J-1, 1-866-283-9090. Dai la ujira halifi ukirudi nyumbani: lina miaka 2, na 3 kama ukiukaji ni wa makusudi.

Mwisho ni kodi ya mapato, ambayo huachwa mezani na wanafunzi wengi. Mwachie mwajiri anwani ya kwenu, kwa sababu fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara na makato yako ya mwaka, hutoka kufikia tarehe 31 Januari, wewe ukiwa umesharudi darasani. Taarifa ya kodi ya asiye mkazi hujazwa kwa fomu ya 1040-NR kufikia katikati ya Aprili. Kwenye karatasi za mshahara tazama kama kuna makato ya hifadhi ya jamii; hayakupaswa kuwepo. Yakiwepo, mwandikie mwajiri kwanza ayarudishe, na akikataa jaza fomu za kuomba kurudishiwa, 843 pamoja na 8316, uambatanishe nakala ya viza, DS-2019 na W-2, uzitume kwa mamlaka ya mapato. Kwa mtu wa Palmyra wa wiki 17 kamili, makato hayo, kama angekatwa kimakosa, yangefika dola 434, zaidi ya maradufu ya wastani waliorudishiwa wanafunzi wale kwa makubaliano ya 2012.